Baina ya Subira na Ngojangoja: Uvimbe Usio Saratani

Kiswahili hakijapungukiwa na maneno ya kutajia kile kinachofura katika mwili wa binadamu. Jipu huiva, likatunga usaha na hatimaye likapasuka. Chunjua huota juu ya ngozi na kukaa hapo bila maumivu. Mtoki hujitokeza kinenani, ilhali rovu hutuna shingoni. Busha humlemea mwanamume hata hatua zake zikawa nzito. Kila mojawapo ya maneno haya humweleza msikilizaji mambo mawili kwa pamoja: mahali palipofura na tabia ya kilichofura. Wahenga walioyaunda walikuwa watazamaji makini, na walichokiona kwa macho walikipa jina.

Mambo hubadilika pindi kinachofura kinapojificha ndani, mahali ambapo jicho halifiki. Hapo lugha ya kila siku hubakiwa na neno moja tu, uvimbe, nalo hubebeshwa mzigo wa maana usiolingana nalo. Aghalabu anayeambiwa kuwa ana uvimbe tumboni husikia mojawapo ya hukumu mbili: ama ana kansa na siku zake zinahesabika, au, akishahakikishiwa kuwa si kansa, hana neno na arudi nyumbani. Hukumu zote mbili zina kasoro. Ya kwanza imewafanya wengi kuyaficha maradhi yao. Ya pili imewafanya wengine kuyazoea.

Mwalimu mmoja wa Kiswahili, aliyekuwa akifundisha katika shule ya upili magharibi mwa Kenya, alizionja hukumu zote mbili kwa nyakati tofauti. Alikuwa na umri wa miaka 36 na mtoto mmoja alipopigwa picha ya tumbo kwa mawimbi ya sauti, akaonekana kuwa na vivimbe katika mji wa mimba. Kwa siku nne hakupata usingizi. Aliandika katika daftari majina ya wanaomdai na anaowadai, akamwonyesha mumewe mahali zilipo stakabadhi za shamba, kisha akarudi hospitalini kama mtu anayekwenda kusomewa hukumu. Daktari aliyempokea alikuwa na foleni ndefu mlangoni. Alimwambia kwamba vivimbe hivyo ni faibroidi, kwamba si kansa, na kwamba arudi baada ya miezi sita. Mwalimu alitoka akitabasamu. Kati ya maneno yote aliyoambiwa, aliyoondoka nayo ni mawili tu: si kansa. Hiyo miezi sita ilipita, ikafuatwa na mingine, hadi miaka mitatu ikatimia.

Yafaa kueleza hapa tofauti ambayo daktari huyo aliitaja kwa maneno mawili. Mwili hujengwa na seli, na seli hugawanyika ili kukuza mwili au kuziba pengo la zile zilizokufa. Mara nyingine kundi la seli hukataa kufuata utaratibu huo, likaongezeka bila kuhitajika. Iwapo kundi hilo litakaa mahali pake, likakua polepole na kuzisukuma kando jirani zake bila ya kuzivamia, huo ni uvimbe usio saratani. Iwapo litapenya katika nyama zilizo karibu, au litatuma seli zake kwa njia ya damu na limfu zikaanzisha makao mapya katika ini, mapafu au mifupa, hiyo ndiyo saratani. Hata jina lenyewe linadokeza jambo hilo. Neno saratani lilitoka katika Kiarabu, ambako humtaja pia kaa, kiumbe wa pwani mwenye magando. Kansa nalo lilipitia Kiingereza kutoka Kilatini, na katika Kilatini vilevile maana yake ni kaa. Matabibu wa Uyunani ya kale nao walikuwa wameuita ugonjwa huo kwa jina la mnyama huyohuyo. Maneno hayo mawili, basi, yaliingia katika Kiswahili kwa milango tofauti, lakini yote yanamkumbuka kiumbe mmoja anayeshika na kung'ang'ania.

Ama kuhusu uvimbe usiokuwa na magando hayo, lugha imeyumba. Istilahi ya kitabibu iliyozoeleka Ulaya ina asili ya Kilatini na hubeba maana ya wema na upole. Wafasiri wa Kiswahili wamejaribu kusema uvimbe usio hatari, uvimbe usiodhuru, na hata uvimbe tulivu. Majina haya yanafariji, na faraja ni haki ya mgonjwa. Hata hivyo, yanaahidi jambo ambalo maabara haiwezi kuliahidi. Anayechunguza kipande cha nyama kwa hadubini hujibu swali moja: je, seli hizi ni za saratani? Hajibu iwapo uvimbe huo utamdhuru aliyenao, kwa kuwa jibu hilo hutegemea mahali uvimbe ulipo, kasi ya ukuaji wake na kazi unayoifanya huko ndani.

Swali hilo la pili ndilo ambalo mwalimu hakuliuliza, wala hakuna aliyemuulizia. Hedhi yake, iliyokuwa ya siku nne, iliongezeka ikawa ya siku tisa, kisha kumi na moja. Alianza kununua sodo za usiku na kuzitumia mchana. Aliacha sketi za rangi nyeupe na samawati, akabaki na nyeusi. Katika vipindi vya mara mbili mfululizo alifundisha akiwa ameketi, na wanafunzi wake, ambao walimfahamu kama mwalimu wa kutembea kati ya madawati, walidhani amekasirika. Alipopanda ngazi za maktaba moyo ulimwenda mbio. Akazoea kununua sokoni odowa, yale mawe laini ya udongo, akayatafuna akisahihisha insha, na hamu yake haikuisha. Hakujua kwamba hamu ya kula udongo ni mojawapo ya dalili za mwili uliopungukiwa na madini ya chuma.

Shangazi yake, aliyemlea tangu utotoni, hakuona ajabu.

"Mwanangu, hiyo ndiyo damu ya ukoo wetu," alimwambia. "Mama yako alikuwa vivyo hivyo, na mimi nilikuwa vivyo hivyo mpaka ilipokoma. Vumilia. Subira huvuta heri."

Maneno ya shangazi yalikuwa na ukweli ndani yake. Faibroidi huonekana zaidi katika baadhi ya koo, na aliye na mama au dada mwenye vivimbe hivyo yumo katika uwezekano mkubwa wa kuvipata. Aidha, vivimbe hivyo hulishwa na homoni za uzazi, ndiyo maana hunywea baada ya hedhi kukoma. Shangazi, basi, alikuwa ameieleza historia ya ugonjwa bila ya kujua kwamba anaeleza ugonjwa. Kosa la methali yake lilikuwa moja tu: wahenga waliosema kwamba subira huvuta heri ndio waliosema pia kwamba ngojangoja huumiza matumbo. Methali hizi mbili hazipingani. Mwenye subira hungoja huku anatazama. Mwenye ngojangoja hungoja akiwa ameupa mgongo mlango.

Katika kipindi hicho mwalimu alinunua pia chupa sita za dawa ya majani ambayo muuzaji aliapa kuwa huyeyusha faibroidi zikatoka na mkojo. Dawa za aina hiyo hutangazwa kila mahali, kuanzia ndani ya matatu hadi sokoni, na hustawi kwa sababu ya tabia ya ugonjwa wenyewe. Vivimbe vingi havina dalili yoyote, na vingine hunywea vyenyewe umri unaposonga. Anayekunywa majani katika wakati huo huyapa majani sifa. Kwa mwalimu hali haikuwa hiyo. Chupa zilikwisha, na damu ikaendelea kutoka kwa mabonge.

Alipoanguka katika chumba cha walimu muhula wa pili, wenzake walimpeleka hospitalini. Himoglobini yake ilikuwa 6.4, ilhali mwanamke asiye mjamzito anatarajiwa kuwa na 12 au zaidi. Safari hii alimpata daktari wa kike aliyekuwa na wakati wa kuketi.

"Daktari, mimi niliambiwa si kansa," mwalimu alisema, kana kwamba analalamikia ahadi iliyovunjwa.

"Uliambiwa kweli, Mwalimu. Si kansa," daktari alijibu. "Lakini mwizi si lazima awe na bunduki ndipo akufilisi. Hebu tutazame kila kimoja kiko wapi na kinafanya nini."

Picha mpya ilionyesha vivimbe vitatu. Kikubwa kililingana na chungwa, nacho kilikuwa kimeota upande wa nje wa mji wa mimba, kikielekea kwenye nafasi ya tumbo. Cha pili kilikuwa ndani ya ukuta wa misuli. Cha tatu, kilichokuwa kidogo kuliko vyote, hakikuzidi sentimita mbili, lakini kilikuwa kimejichomoza katika uwazi wa mji wa mimba, kwenye utando unaobomoka kila mwezi. Mwalimu alikinyoshea kidole kile kikubwa na kuuliza kitaondolewa lini. Daktari akamweleza kwamba hicho hakikuwa na kosa la kujibu kwa wakati huo. Aliyekuwa akimwaga damu yake kwa miaka mitatu ni yule mdogo.

Hapo ndipo penye kiini cha suala hili zima. Kinachoamua iwapo uvimbe usio saratani utatibiwa si jina lake, na mara nyingi si ukubwa wake pekee. Mambo yanayotazamwa ni kadhaa. La kwanza ni mahali. Uvimbe wa sentimita tatu chini ya ngozi ya mgongo waweza kukaa miaka ishirini bila ya kumkera mtu, lakini uvimbe wa kadiri hiyohiyo unaoota katika tando zinazofunika ubongo waweza kuleta kifafa, kupofusha au kuua, kwa kuwa fuvu halitanuki. Meninjioma, kama uitwavyo uvimbe huo wa tando za ubongo, kwa kawaida si saratani, na bado wapo wanaopasuliwa kichwa kwa sababu yake.

La pili ni kazi inayofanywa na uvimbe. Tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo na isiyozidi ukubwa wa njegere, huweza kuota kivimbe kidogo sana kinachomwaga homoni kupita kiasi. Mwanamke asiyenyonyesha akaanza kutoa maziwa na kukosa hedhi. Mtu mzima akaona viatu vyake vinambana na pete yake haivuki kidole. Hapa saratani haipo, lakini mwili mzima umepotoshwa. Mengi ya maradhi haya yana dawa, na kivimbe kile kinacholeta maziwa aghalabu hutulizwa kwa vidonge bila ya kisu.

La tatu ni kubana na kuziba. Faibroidi kubwa huweza kukandamiza kibofu, au mirija inayotoa mkojo katika figo. Kwa wanaume wazee, tezi dume hukua na kuubana mrija wa mkojo. Ukuaji huo si saratani, lakini ukipuuzwa hadi mkojo ukazuilika, figo hudhurika. Hapa napo lugha imeleta utata, maadamu wengi hutaja tezi dume kana kwamba ni jina la ugonjwa, ilhali ni kiungo ambacho kila mwanamume huzaliwa nacho.

La nne ni uwezekano wa kugeuka. Faibroidi kugeuka saratani ni jambo la nadra sana. Kinyume chake, baadhi ya vinyama vinavyoota katika utumbo mpana huweza, kwa muda wa miaka mingi, kuwa saratani, ndiyo sababu huondolewa vingali vidogo hata kama havina maumivu.

La tano ni shaka. Kinundu cha titi kwa msichana wa miaka 20, kigumu kidogo na kinachotoroka chini ya kidole, aghalabu huwa fibroadenoma ambayo si saratani. Lakini neno aghalabu si cheti cha daktari, na hakuna kinundu cha titi kinachofaa kuachwa bila kupimwa. Kadhalika, uvimbe wa mafuta chini ya ngozi, ulio laini na unaosogea, huachwa bila wasiwasi. Ila ukizidi sentimita tano, ukianza kukua kwa kasi, ukawa mgumu, ukauma au ukagandamana na kilicho chini yake, uchunguzi haufai kucheleweshwa. Mwanamke ambaye hedhi yake ilikwisha koma naye, akiona damu tena au akiambiwa kuwa uvimbe wake unakua, asingoje.

Nje ya mambo hayo, kuacha uvimbe ulivyo huwa ni uamuzi wa kitabibu wenye busara. Utafiti uliochapishwa nchini Marekani mwaka wa 2003 ulionyesha kwamba kufikia umri wa miaka 50, takriban asilimia 70 ya wanawake Wazungu na zaidi ya asilimia 80 ya wanawake Weusi huwa na faibroidi. Wengi wao hawana dalili. Lau kila kivimbe kingefuatwa kwa kisu, vyumba vya upasuaji vingejaa wanawake wasio wagonjwa, na kila upasuaji una hatari yake: damu kupotea, vidonda kuambukizwa, makovu kuganda ndani ya tumbo. Haraka haraka nayo haina baraka.

Mizani hii ya hatari haikuwa hivi daima. Tarehe 25 Desemba 1809, katika mji wa Danville jimboni Kentucky, daktari Ephraim McDowell alimpasua tumbo Jane Todd Crawford na kumtoa uvimbe wa ovari wenye uzani wa takriban kilo 10. Mama huyo alikuwa amedhaniwa kuwa na mimba iliyokawia. Alikuwa amesafiri karibu kilomita 100 akiwa juu ya farasi, na alipasuliwa bila nusukaputi, kwa maana etha ilikuwa bado haijaonyeshwa hadharani katika upasuaji; hilo lilitukia Boston mwaka wa 1846. Kupasua tumbo wakati huo kulihesabiwa kuwa sawa na kuua. Mama Crawford aliishi hadi mwaka wa 1842. Uvimbe wake, usiosambaa popote, ungemmaliza kwa uzito tu, na aliipima hatari ya kisu dhidi ya hatari ya kungoja, akachagua.

Mgonjwa wa leo ana njia nyingi zaidi za kuchagua. Wapo wanaotosheka na vidonge vya kupunguza damu katika siku za hedhi. Wapo wanaowekewa ndani ya mji wa mimba kifaa kinachotoa homoni polepole. Mwaka wa 1995 madaktari wa Ufaransa waliripoti njia ya kuziba mishipa inayopeleka damu kwenye faibroidi ili zinywee. Wapo wanaoondolewa vivimbe pekee, na wapo wanaoondolewa mji wa mimba wote kwa hiari yao, baada ya kumaliza kuzaa. Umri, idadi ya vivimbe, uwezo wa hospitali na hamu ya kupata mtoto ndivyo vinavyoelekeza uamuzi.

Kwa mwalimu, hamu ya mtoto wa pili ilikuwa kubwa, na ndiyo aliyoitaja kwanza. Aliongezewa damu painti mbili, akapewa vidonge vya madini ya chuma kwa miezi miwili, kisha kile kivimbe kidogo kikaondolewa kwa kifaa kilichopitishwa katika njia ya uzazi, pasipo kupasuliwa tumbo. Maabara ilithibitisha kuwa hakikuwa saratani. Vile viwili vilivyobaki viliachwa, na tarehe ya kuvitazama ikaandikwa katika kadi yake. Hivyo katika mwili mmoja, kwa ugonjwa wenye jina moja, subira na hatua zilikaa pamoja bila kugombana. Miezi mitatu baadaye himoglobini yake ilikuwa 11.8, na odowa ilikuwa imemtoka rohoni. Kuhusu mtoto hakuahidiwa lolote. Alikuwa amekwisha timiza miaka 39, na ile mitatu aliyoipoteza hakuna dawa inayoirudisha. Tarehe iliyoandikwa katika kadi, hata hivyo, aliitimiza.

Wasomi wa Kiswahili wana sehemu yao katika jambo hili. Istilahi za afya hazikai katika kamusi pekee; hutoka kinywani mwa muuguzi zikaingia sikioni mwa mgonjwa mwenye hofu, naye huzitumia kuamua iwapo atarudi au hatarudi. Anayesema uvimbe usio hatari ametoa hukumu ya mwisho kabla ya ushahidi kukamilika. Anayesema uvimbe usio saratani amesema kile anachokijua, akauacha mlango wazi kwa maswali yaliyosalia: uko wapi, unakua kwa kasi gani, unafanya nini hapo ulipo, na utatazamwa tena lini? Maswali haya manne hayahitaji shahada ya udaktari. Yanaulizika kwa Kiswahili sanifu, na kwa Kiswahili cha sokoni vilevile, na mgonjwa anayeyauliza kabla ya kuondoka mbele ya daktari amekwisha kuanza matibabu yake.